Glasgow kwa Siku Nne: Tule Wapi, Tunywe Nini, Tuone Nini?

Swali: "Binti yetu anahitimu Chuo Kikuu cha Glasgow mwishoni mwa Juni. Tunatoka Mwanza watu watatu: mimi, mume wangu na shemeji yangu. Mimi na mume wangu ni Waislamu, tunakula halali tu. Shemeji ni Mkatoliki na hupenda kuonja kinywaji cha kila mahali anapofika. Mume wangu goti linamsumbua, ngazi ni mtihani kwake. Tuna siku nne. Kila tunayemuuliza anasema Glasgow ni mji wa viwanda vilivyokufa, tumalize mahafali tupande treni twende Edinburgh. Ni kweli? Na tukibaki, tule wapi, tunywe nini, tuone nini?"

Shikamoo Mama, na hongera sana kwa binti na kwenu mliomsomesha. Nimekuwa nikiongoza wageni katika mji huu kwa miaka kumi na tatu, na swali lako nimeulizwa mara nyingi, hasa na watu wa nyumbani. Jibu langu ni lile lile: bakini Glasgow. Edinburgh ina ngome yake juu ya mwamba na mitaa mizuri ya kupigia picha, sibishi. Lakini ninyi watu wa Mwanza mna jambo lenu hapa, na pengine hakuna aliyewaambia.

MV Victoria mmeipanda mara ngapi kwenda Bukoba? Meli ile iliundwa hapa Glasgow, katika yadi ya Yarrow, mtaa wa Scotstoun, kando ya mto Clyde. Ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Kisumu, ikaungwa upya na kuanza kazi ziwani mwaka 1961, enzi hizo ikiitwa RMS Victoria. Ndiyo hiyo hiyo iliyofanyiwa ukarabati mkubwa na kurudi majini mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Yadi yenyewe bado ipo. Siku hizi ni ya BAE Systems, inaunda manowari, na mgeni haruhusiwi kuingia. Ila mto haujafungwa, na siku yenu ya kwanza ningewapeleka mtoni.

Sasa sikilizeni habari ya goti. Treni ya chini ya ardhi ya Glasgow ilifunguliwa mwaka 1896. Ni ya tatu kwa ukongwe duniani, baada ya London na Budapest. Ni duara moja lenye stesheni 15, na kulizunguka lote ni kama dakika 24. Mabehewa ni madogo, mtu mrefu huinama mlangoni. Stesheni zenye lifti ni mbili tu, St Enoch katikati ya mji na Govan ng'ambo ya mto. Kwa hiyo mzee asipande wala kushuka pengine popote. Pandeni St Enoch, upande ulioandikwa Outer, mshuke Govan. Mkitoka nje hamko mbali na daraja jipya la waenda kwa miguu linalounganisha Govan na Partick, lililofunguliwa Septemba 2024. Ni tambarare, halina ngazi. Simameni katikati yake, muangalie maji yanakoelekea, chini kule Scotstoun. Meli yenu ilizaliwa upande huo.

Kabla ya kuvuka, kanisa la Govan Old liko hapo hapo. Ndani kuna mawe 31 ya kuchongwa ya tangu karne ya 9 hadi ya 11, na matano kati yake yana umbo la mgongo wa mnyama mkubwa aliyelala. Wageni wengi hulipita. Ingieni japo kwa robo saa.

Mkivuka mnaingia Riverside Museum, jengo la paa la mikunjo lililobuniwa na Zaha Hadid na kufunguliwa mwaka 2011. Kiingilio bure. Humo kuna treni, tramu, mabasi na mifano ya meli zilizoundwa Clyde, lakini kitu cha kutafuta ni garimoshi jeusi namba 3007. Liliundwa Glasgow mwaka 1945, likafanya kazi katika reli za Afrika Kusini kwa miongo kadhaa, likarudishwa nyumbani mwaka 2007. Sogeeni karibu na magurudumu: yanamfika mtu mzima kifuani. Kuna mzee mmoja niliwahi kumpeleka hapo, fundi mstaafu wa reli kutoka Tabora. Hakupiga picha hata moja. Alitembea kandokando ya garimoshi akitaja vifaa vyake kimoja kimoja kwa Kiswahili cha karakana, akafika mwisho, akarudi mwanzo, akaanza tena. Tulikaa saa nzima. Magarimoshi ya namna ile yalikuwa yakitengenezwa hapa kwa ajili ya nchi nyingi, na ukifuata mto kurudi mjini utaona winchi kubwa ya Finnieston, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1930, iliyokuwa ikiyanyanyua na kuyapakia melini. Haifanyi kazi tena, lakini mji umekataa kuibomoa. Nje ya makumbusho imetia nanga Glenlee, merikebu ya chuma ya mwaka 1896. Mzee asihangaike na ngazi zake za ndani. Sitaha ya juu inatosha.

Tuje kwenye chakula.

Glasgow ni mji wa mchuzi. Wahamiaji kutoka Punjab, wengi wao Wapakistani, walikuja hapa karne iliyopita, wakaendesha mabasi, wakachuuza nguo nyumba kwa nyumba, halafu wakafungua migahawa, na leo Mskoti wa Glasgow anaagiza biriani na naan Ijumaa usiku kama mtu wa Mwanza anavyoagiza sato. Mgahawa wa Shish Mahal, ulioko Park Road karibu na chuo, upo tangu mwaka 1964. Mwenyewe, marehemu Ali Ahmed Aslam, aliyefariki Desemba 2022, alisimulia kwamba miaka ya 1970 mteja mmoja alilalamika kuku wake ni mkavu. Jikoni wakamwagia mchuzi wa supu ya nyanya iliyokolezwa viungo, na hapo ndipo ilipozaliwa chicken tikka masala. Wapo wanaobisha. Mimi nasema ubishi huo umaliziwe mezani. Nyingine ni Mother India's Café, inayotazamana na makumbusho ya Kelvingrove. Hapo vyakula huja katika vibakuli vidogo, mnaagiza vinne au vitano mnakula pamoja kama sinia. Mkichelewa mtasubiri meza.

Kuhusu halali, naomba Mama unisikilize vizuri. Mwenye mgahawa kuwa Mwislamu hakumaanishi kila nyama iliyomo ni halali, na mgahawa kuuza pombe hakumaanishi nyama si halali. Hapa mambo hayo mawili huchanganyika. Ulizeni mnapoingia, si baada ya kukaa: nyama yote ni halali, au kuku tu? Hakuna atakayekunja uso, huulizwa kila siku. Mkitaka mahali ambapo swali lenyewe halina haja sana, nendeni upande wa kusini.

Kutoka stesheni ya Glasgow Central, treni ya dakika chache inawashusha Pollokshields East, na mkitoka tu mko Albert Drive. Huo ndio mtaa ningewapeleka hata kama mngekuwa na nusu siku peke yake. Pande zote mbili ni maduka ya Waasia: magunia ya mchele, bizari, iliki, mdalasini, bamia, vitambaa, halua, sambusa za moto. Juni ni mwanzo wa msimu wa embe za Pakistani. Zinauzwa kwa boksi, zimepangwa kama mayai, kila moja imeviringishwa kwenye karatasi laini. Muuzaji akikuona unasita, huchukua moja, huikata shavu kwa kisu kidogo na kukupa uonje. Nyama yake haina nyuzi hata moja, na harufu inabaki vidoleni mpaka jioni. Nami nimekulia Tanga, embe nazijua. Nunueni boksi, vukeni barabara mpaka Tramway, karakana ya zamani ya tramu iliyogeuzwa kituo cha sanaa. Nyuma yake kuna bustani tulivu iitwayo Hidden Gardens, ina viti na vivuli. Mzee anyooshe goti hapo, mle embe zenu.

Chakula cha Kiskoti chenyewe msikiogope. Kilicho salama kwenu ni samaki. Kuna supu iitwayo Cullen skink, yenye jina la kijiji cha wavuvi huko kaskazini mashariki: samaki aina ya haddock aliyekaushwa kwa moshi, viazi, vitunguu na maziwa. Mtu aliyezoea samaki wa moshi ataielewa mara moja. Ulizeni tu kama hawakutia nyama ya nguruwe juu, maana wapishi wengine wana tabia hiyo.

Kwenye samaki na chipsi kuna mtego mmoja. Maduka mengi hukaangia mafuta ya mboga, lakini mengine hutumia mafuta ya ng'ombe, na katika karai hilo hilo hupita soseji na vitu vingine. Niliwahi kumpeleka mgeni wa Kihindi kutoka Arusha, asiyekula nyama kabisa, kwenye duka moja karibu na hoteli yake. Sikuuliza. Amekula nusu sahani ndipo nikaona ndoo ya mafuta nyuma ya kaunta imeandikwa beef. Ilinibidi nimwambie, na uso wake siku ile sijausahau. Tangu hapo swali la mafuta ndilo la kwanza kutoka mdomoni mwangu. Mkipata duka linalotumia mafuta ya mboga na karai la samaki peke yake, agizeni haddock. Ndiye samaki wanayempenda Waskoti, wakati Waingereza wengi hupenda cod. Mwambieni atie chumvi na siki, mle kwa mikono kwenye benchi la nje. Chungeni shakwe, ni wezi.

Haggis ni moyo, maini na mapafu ya kondoo, husagwa na oti, vitunguu na pilipili manga, na zamani ilishindiliwa ndani ya tumbo la kondoo. Mtu anayekula supu ya utumbo asubuhi hana cha kushangaa. Ya halali si rahisi kuipata mikahawani, ila karibu kila mahali ipo ya mboga, ya oti, dengu na maharage, na ni tamu kwelikweli ikiliwa na viazi vya kuponda. Shemeji ale ile ya asili, na akiona bagia za haggis kwenye menyu asizipite. Glasgow ndiko Punjab na Uskoti zilikokutana ndani ya karai moja. Asubuhi hotelini, soseji bapa ya mraba iacheni, mara nyingi ina nguruwe. Chukueni uji wa oti na tattie scone, ambayo ni chapati nene ya viazi.

Kwa vinywaji naanza na kile kisichouzwa. Maji ya bomba ya Glasgow yanatoka Loch Katrine, ziwa lililo milimani kaskazini mwa mji, kwa mfereji uliozinduliwa na Malkia Victoria mwaka 1859, na huteremka kwa mteremko tu, bila pampu. Kabla yake kipindupindu kilikuwa kikiua watu hapa kwa maelfu. Katika bustani ya Kelvingrove kuna chemchemi kubwa ya mawe, Stewart Memorial Fountain, iliyojengwa kumshukuru meya aliyesimamia kazi hiyo. Mimi husimama hapo na kila mgeni, kwa sababu hakuna jambo lililoubadilisha mji huu kuliko maji yale. Ni matamu na mepesi. Msinunue maji ya chupa. Mgahawani au baa ombeni tap water, na kila penye leseni ya pombe wanatakiwa kisheria kuwapa bure.

Chai kanyweni Sauchiehall Street, katika nyumba iliyofunguliwa mwaka 1903 na Kate Cranston, mfanyabiashara mwanamke, aliyemkabidhi kazi yote ya ubunifu Charles Rennie Mackintosh, kuanzia ukuta hadi viti na vijiko. Enzi hizo ulevi ulikuwa umeutesa mji, na vyumba vya chai vilikuwa mahali pa heshima ambapo mwanamke aliweza kuketi peke yake bila kuulizwa. Jengo limekarabatiwa na sasa linaitwa Mackintosh at the Willow. Wekeni nafasi mapema, mwende na binti siku baada ya mahafali, na ombeni kuona chumba cha vioo na rangi ya zambarau kiitwacho Salon de Luxe. Viti vina migongo mirefu inayopita kichwa cha mtu. Ni ghali kidogo, lakini kwa siku kama hiyo inafaa. Na watoto wa nyumbani mtakaowabebea zawadi, chukueni tablet, peremende ya sukari, siagi na maziwa mazito, inayomung'unyika kama kashata isiyo na nazi. Soda ya hapa ni Irn-Bru, ya rangi ya chungwa iliyokolea. Ladha yake sijapata kuielezea kwa miaka yote hii, kwa hiyo ionjeni wenyewe.

Shemeji naye asisahauliwe. Baa ya Horse Shoe, Drury Street, ina kaunta ndefu mno yenye umbo la kwato la farasi, na watu wa kila aina hukaa pamoja. Scotia, Stockwell Street, ilianza mwaka 1792 na ina dari la chini na muziki wa kienyeji. Kwa wiski aende The Pot Still, Hope Street. Chupa ni mamia, zimepangwa mpaka darini, na mhudumu hupanda ngazi kuzifikia. Asijifanye anajua. Amwambie mhudumu kwamba hajawahi kunywa wiski ya Uskoti, ataje anachopenda, kitamu au chenye moshi, na bei asiyotaka kuivuka. Watamchagulia vizuri. Kipimo cha kawaida ni mililita 25 au 35, hunywewa taratibu, na kutia matone ya maji si aibu. Wiski haiitwi Scotch mpaka ikae miaka 3 katika pipa la mwaloni ndani ya Uskoti. Akitaka kuona inavyopikwa, Clydeside Distillery iko mtoni karibu na ile winchi, kwenye nyumba ya pampu ya gati la zamani. Aelewe mambo mawili. Kunywa pombe barabarani au bustanini ni kosa hapa Glasgow, polisi watamwandikia faini. Na maduka ya Uskoti yanauza pombe kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 4 usiku tu.

Siku ya mahafali mtakuwa magharibi mwa mji. Chuo kilianzishwa mwaka 1451, kikahamia kilima cha Gilmorehill mwaka 1870. Kilima ni kikali, chukueni teksi hadi getini. Chini ya ukumbi wa Bute Hall kuna safu ya nguzo na matao, picha nzuri zaidi hupigwa hapo, hata mvua ikinyesha. Kabla ya kuondoka tembeeni hadi jengo jipya la kusomea lenye jina la James McCune Smith. Alizaliwa utumwani New York mwaka 1813. Vyuo vya kwao vilimkataa kwa sababu ya rangi, Glasgow ikampokea, akatoka na shahada ya udaktari mwaka 1837, Mwamerika Mweusi wa kwanza kuipata. Binti yako amesoma chini ya jina hilo. Mwambieni apige picha hapo na joho lake.

Mkishuka bondeni mnafika Kelvingrove, makumbusho ya mawe mekundu yaliyofunguliwa mwaka 1901. Bure pia. Ndani tembo mmoja mkubwa amekaushwa na kusimamishwa chini ya ndege ya kivita ya Spitfire iliyoning'inizwa darini, na ghorofani kuna mchoro wa Salvador Dalí wa Kristo msalabani akitazamwa kutoka juu. Panga mfike kabla ya saa 7 mchana, au saa 9 alasiri ikiwa Jumapili, maana saa hizo kinanda kikubwa cha mabomba hupigwa kwa nusu saa na jengo zima hutetema. Mzee atafute kiti mapema.

Mji wa kale uko mashariki. Kanisa kuu la Glasgow ni miongoni mwa makanisa machache ya Zama za Kati yaliyosalimika Uskoti wakati wa Mageuzi ya Kiprotestanti ya karne ya 16. Kaburi la Mungo, mtakatifu wa mji, liko chini, kwa ngazi, kwa hiyo huko ashuke shemeji. Nyuma yake ni mlima wa makaburi, Necropolis, uliofunguliwa rasmi mwaka 1833. Mzee asiupande. Uzuri wake unaonekana vizuri tu akiwa uwanjani, mbele ya kanisa, ambako pia kuna sanamu ya David Livingstone. Kwao ni Blantyre, kama nusu saa kwa treni, na nyumba ya chumba kimoja alikozaliwa ni makumbusho. Tangu ukarabati uliomalizika mwaka 2021 yanawapa nafasi Susi na Chuma, waliobeba mwili wake hadi Bagamoyo. Mtu aliyesoma habari hiyo darasa la nne atasikia jambo moyoni. Angalieni siku zao za kufungua kabla ya kwenda.

Katikati ya mji kuna mtaa mdogo unaozunguka kanisa, uitwao Nelson Mandela Place. Ubalozi mdogo wa Afrika Kusini ya makaburu ulikuwa hapo. Mwaka 1986, Mandela akiwa bado gerezani, halmashauri ikabadili jina la mtaa, na tangu siku hiyo anwani ya ubalozi huo ikawa na jina la mtu waliyemfunga. Glasgow ilikuwa imeshampa heshima ya uraia wa mji mwaka 1981, kabla ya mji mwingine wowote. Alikuja kuipokea Oktoba 1993 na akacheza muziki George Square, mvua ikinyesha, na watu wazima wa hapa bado wanasimulia siku hiyo. Mtaa na uwanja haviko mbali. George Square imekuwa kwenye ujenzi tangu 2025, msishangae mkikuta uzio.

Lakini mji huo huo ulitajirika kwa tumbaku na sukari zilizolimwa na watumwa, na sipendi mgeni aondoke bila kujua. Mitaa ya jirani ina majina ya Virginia na Jamaica, na mingine ya wafanyabiashara wenyewe: Buchanan, Glassford. Jumba la sanaa la kisasa, GoMA, lilikuwa nyumba ya bwana tumbaku mmoja, William Cunninghame, iliyojengwa mwaka 1778. Chuo Kikuu kilichapisha mwaka 2018 uchunguzi wa jinsi kilivyonufaika na fedha hizo, na mwaka uliofuata kikaahidi pauni milioni 20 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha West Indies. Mbele ya GoMA kuna sanamu ya Duke wa Wellington juu ya farasi, na kichwani amevishwa koni ya barabarani. Wakiitoa, wananchi hurudisha usiku. Wenyeji wanaipenda kuliko sanamu nyingine yoyote.

Loch Lomond watawashauri wengi. Ni pazuri, lakini kwa mtu aliyekulia kando ya Nyanza ni kidimbwi chenye milima, na kwa siku nne siioni nafasi yake. Edinburgh, kama moyo hautulii, nendeni alasiri moja tu, treni kutoka Queen Street ni chini ya saa nzima. Mwalimu Nyerere alisoma chuo kikuu cha huko kuanzia 1949 hadi 1952. Sababu hiyo inatosha kwenda, kuliko duka la sketi za kiume.

Yaliyobaki ni madogo. Njooni na makoti ya mvua yenye kofia, miavuli hapa hupinduka kwa upepo. Bakshishi ni kama asilimia 10 kwenye mgahawa wenye wahudumu, na kwanza tazameni risiti kama haijajumlishwa. Jumapili hakikisheni saa ya treni ya mwisho ya chini ya ardhi. Msikiti Mkuu uko Gorbals, ukingo wa kusini wa mto, mwendo mfupi kwa teksi kutoka St Enoch. Mwishoni mwa Juni jua linazama baada ya saa 4 usiku na kuchomoza kama saa 10 na nusu alfajiri, kwa hiyo Magharibi na Isha zitawakuta mmechoka. Kuleni chakula cha jioni saa 1, kwa sababu majiko mengi hufungwa mapema kuliko mnavyodhani, halafu nendeni ukingoni mwa Clyde na mwanga wote ule. Mzee akae kwenye benchi upande wa msikitini, maji yakipita mbele yake kuelekea Scotstoun, mpaka adhana.